Salamu Mbili za Saa Kumi

Lodwar, Jumanne 14 Januari 2025

Kaltuma binti yangu,

Assalaam alaykum. Na salamu ya Kiturkana, ejok. Mimi ndio nasema, Keziah ndio anaandika. Huyu Keziah ni Mkisii, ako na duka ya fotokopi karibu na posta, anaimba kwaya, mtu mzuri ila anauliza sana. Sasa hivi anauliza kama Inshallah inaandikwa na herufi kubwa ama ndogo. Nimemwambia kubwa, Mungu ako ndani.

Usinipigie simu tena. Simu nimempa Abei jirani akae nayo. Kwa simu sauti inatoka na mtu hayuko. Sauti ya namna hiyo niko nayo hapa nyumbani tayari, imenitosha.

Mbuzi wako sawa. Ile ya masikio nyeusi imezaa, moja imekufa moja imebaki. Upepo ya mwaka huu inakula macho. Mgongo wangu ukiuliza, alhamdulillah, hiyo ndiyo jibu hata kama usiku sikulala, marhum mume wangu alinifunza hivyo. Ukiulizwa habari unashukuru kwanza, magonjwa unataja baadaye, na mimi huwa nataja yote.

Sasa barua yako. Keziah alinisomea mara mbili. Umesema Sheikh wa huko Kakuma amesema miezi saba imepita tangu ile mashua mwanangu Idris alipanda ipinduke Ferguson's Gulf huko ziwani, wale wenzake wawili walipatikana na wakazikwa, kwa hivyo sisi watu wa nyumbani tukubali. Tukikubali mtaswali ile swala ya maiti asiyekuwepo, na wewe utaingia eda, miezi minne na siku kumi, halafu uwe mjane kama wajane wengine. Nimeelewa. Lakini mahali umeandika "Marhum Idris" nilimwambia Keziah afute. Akasema mama, barua ya mtu haifutwi. Nikachukua kalamu nikafuta mwenyewe. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza nimefanya na kalamu maisha yangu yote.

Marhum ni baba yake. Marhum Warsame nilimwona na macho, nikamfunga kidevu na kitambaa ya kichwa yangu. Huyo akiitwa marhum sisikii kitu, ni jina yake ya sasa, vile Hajji ilikuwa jina yake ya kwanza. Na hakuenda hija. Alitoka Garissa na ng'ombe wa watu akafika Lodwar na duka ya sukari, basi. Watu walimwita Hajji sababu ya ndevu.

Idris si marhum. Nikuambie kwa nini.

Wiki ya sita hii. Adhana ya alasiri ikiisha, saa kumi, mtu anasimama nje ya geti anasema Assalaam alaykum. Ananyamaza. Anasema tena Assalaam alaykum. Halafu basi. Ya tatu haitoki. Wewe hiyo desturi umezaliwa ndani yake, mimi niliolewa ndani yake: mgeni anatoa salamu mara tatu, anasimama kando ya mlango asichungulie watu, na asipojibiwa mara ya tatu anarudi bila kukasirika. Nilimfunza Idris hiyo akiwa bado anatambaa. Na ni sauti yake Kaltuma. Anavuta ile mwisho kidogo, kama mtu anateremsha mzigo.

Kwa hivyo ako hai. Usikae eda.

Keziah anauliza kama nimefungua geti nikaangalia. Hiyo usiandike. Ameandika. Haya, basi ukae ukijua sijafungua.

Cheruiyot wa gari ya vifurushi atakuletea hii pamoja na majani chai.

Mimi mama yako,
Saadia Akaale (kidole yangu hapo chini)

*

Kakuma, 18 Januari 2025

Hajja yangu mpendwa,

Wa alekum salaam wa rahmatullah. Najua utasema hujaenda Makka. Kwetu Darfur mama mzima anaitwa Hajja tu, hatuulizi tikiti.

Barua yako nimesoma nikaketi chini kwa mchanga. Nimesoma mpaka karatasi imelegea kwa mikunjo. Nilikuwa nimeshatoa hina, nimeshakunja nguo za rangi, na Sheikh alikuwa amechagua Ijumaa ya kuswali. Nimemwonyesha barua. Amesema, "Kama mama mzazi anamsikia mwanawe getini, mimi siwezi kumswalia. Rudi ungoje." Kwa hivyo Ijumaa imepita hivyo hivyo.

Hajja, wallahi nataka awe hai kuliko wewe. Lakini nijibu. Kwa nini anakuja kwako na haji kwangu? Lodwar mpaka hapa ni mchana mmoja. Kwa nini hakohoi, hagongi mabati, hasemi "mama ni mimi"? Kwa nini mara mbili? Mtu aliyefunzwa tatu anatoa tatu.

Watu hapa wanakuja kuniona. Mmoja anasema Allah amrehemu, nanyamaza. Mwingine anasema Allah amrudishe salama, nanyamaza pia. Ile ameen siwezi kutoa kwa yoyote. Nikipaka mafuta ya kunukia naona aibu, nisipopaka naona nimemuua mimi. Mimi si mke na si mjane.

Kuna kitu kingine. Asubuhi ile ya Juni aliponiaga, alisema atapitia kwako kwanza aombe radhi ndipo aende ziwani. Alikuwa na mfuko wa tende zako. Hujawahi kuniambia kama alifika. Je, alifika?

Kaltuma, mke wa mwanao

*

Lodwar, Jumatano 22 Januari 2025

Kaltuma,

Assalaam alaykum. Leo Keziah amefunga duka akaja kuandikia hapa nyumbani, sababu nimeona aibu kusema mambo ya nyumba pale na watu wamepanga foleni na vitambulisho vyao. Amekunywa chai. Nimemwambia kabla ya kunywa useme Bismillah, akasema yeye ameshaomba ya kwao. Nimemwambia sawa, chai imeombewa mara mbili haitachoma.

Umeuliza maswali mengi kama mtu wa sensa. Kwa nini hasemi jina. Sasa mtu akija kwa mama yake atasema jina ya nini? Kwa nini haji kwako. Hiyo sijui. Labda anaona haya, labda alipoteza kitu ya watu huko ziwani. Namuria, dada yangu, mume wake alipotea Kapedo wakati ya vita ya ng'ombe, miaka mbili, akarudi na bibi mwingine na jino ya dhahabu. Tayari walikuwa wamechinja ya matanga. Watu wanarudi.

Na hiyo ya Juni. Hakufika. Labda gari ilikuwa imejaa akapitiliza Kalokol kule ziwani moja kwa moja. Mimi sikumwona. Andika hivyo Keziah, sikumwona. Tuendelee.

Yule mbuzi mdogo anakunywa vizuri, mashallah, nasema mashallah ili jicho lisimpate. Abei naye simu nilimwachia, sasa anaongea nayo mpaka jikoni, juzi ameunguza

Keziah anauliza kama adhana imeisha. Imeisha. Nyamaza kidogo usikie.

Hiyo ni moja. Umesikia? Amesikia. Andika amesikia, ili Kaltuma asiseme ni uzee.

Hiyo ni ya

Kaltuma, huyu mama amesema karibu. Keziah amesema karibu. Ameinua kichwa kutoka kwa karatasi akasema "Karibu, ingia," vile mtu anasema kwa duka yake. Nimemwambia mama umefanya nini. Anasema kwao mtu akibisha unamwambia karibu, ni heshima. Ni heshima kwa hodi. Salamu haijibiwi na karibu, salamu inajibiwa na salamu, unampa mtu amani kwanza, ndipo unampa mlango. Sasa amepewa mlango peke yake.

Geti haijafunguka. Bado imefungwa na ile waya.

Keziah anaandika haraka, herufi zitakuwa mbaya, usimcheke.

Mchanga hapa mlangoni, ndani, mahali Idris alikuwa anaketi kuvua viatu. Kaltuma imelowa. Hakuna mtu amemwaga maji. Mtungi uko kule. Imelowa kama mahali mtu ametoka kuoga akasimama.

Tumeacha hapo.

Saadia Akaale

*

Lodwar, 23 Januari 2025

Kwa Bi Kaltuma,

Hatujuani. Mimi ndiye Keziah ninayemwandikia mama. Hajui kama nimeandika hii. Nimeiweka kwa bahasha moja na ile ya jana.

Nilisikia. Ni mwanamume, si mzee, na anatoa salamu kwa upole. Nilimkaribisha bila kufikiria, ni mazoea, naomba unisamehe kama nimekosea mambo ya dini yenu.

Leo asubuhi nimerudi nikachota ule mchanga wote nikautupa nje na kuweka mwingine mkavu. Kufika saa sita ulikuwa umelowa tena, pale pale, ukubwa ule ule. Jua la Lodwar unalijua, hapa nguo inakauka ukiwa bado unaianika. Nimegusa na kidole nikaonja. Maji yetu ya bomba ni matamu. Haya yana magadi, ni maji ya ziwa.

Mama anazunguka mahali hapo akipita, hakanyagi. Anaweka chai kikombe kimoja zaidi halafu anaimwaga.

Na jambo la mwisho. Jana nilipomwandikia kwamba mwanawe hakufika mwezi wa Juni, alikuwa ameshika mkono wangu wenye kalamu. Alikuwa ameushika kwa nguvu. Mimi simtuhumu, nakuambia nilichoona tu.

Keziah Moraa

*

Kakuma, 27 Januari 2025

Hajja yangu,

Assalaam alekum wa rahmatullahi wa barakatuh. Nakupa salamu nzima, usiniachie sehemu.

Kutoa salamu ni suna. Kujibu ni lazima. Mtu anaweza kupita bila kukusalimu na asiandikiwe dhambi, lakini akishakusalimu, jibu linakuwa haki yake iliyo mkononi mwako, na haliondoki mkononi mpaka ulitoe. Bibi yangu kule Kabkabiya alikuwa anajibu hata salamu za redio. Tulimcheka. Alisema, "Yeye amenitakia amani, mimi nimtakie nini, kimya?"

Na alipopita makaburini alikuwa anasimama, anasalimu yeye kwanza: Assalaam alekum, enyi watu wa makaburi. Nilimuuliza, haboba wangu, kwa nini sisi ndio tunaanza? Akasema wao hawana mlango wa kusimama wakaomba ruhusa, kwa hivyo aliye hai ndiye anakwenda kwao. Nilikuwa mdogo nikamwuliza, na wakija wao? Akasema maiti aliyesalimiwa hana sababu ya kuja.

Hajja, mwanao hana kaburi la kusalimiwa. Hilo ni moja. Lakini naogopa kuna la pili.

Unakumbuka Idd ile tulikula pamoja hapa Kakuma. Yule jirani yangu alipiga chafya akasema alhamdulillah, na wewe ukamjibu mashallah. Idris akasema mbele ya wote, "Mama, hapo hakuna mashallah, unasema yarhamuk Allah. Miaka arobaini na bado." Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Uliweka sahani chini na ulirudi Lodwar bila kumaliza nyama. Nilijua nilipaswa kukufuata na sikukufuata. Naomba unisamehe kwa kicheko kile.

Siku tisa baada ya hapo akaja kwako kuomba radhi. Najua alikuja, kwa sababu zile tende, Hajja, alipopanda mashua hakuwa na ule mfuko. Ejore mwenye mashua aliniorodheshea kila kitu alichopanda nacho. Idris hawezi kula tende za mama yake.

Sikuulizi kwa hasira. Nakuomba. Kuna salamu ya mwanao iliyobaki kwako?

Kaltuma

*

Lodwar, Jumamosi 1 Februari 2025

Kaltuma,

Wa alaykum salaam wa rahmatullahi wa barakatuh. Nimeijibu yote, Keziah amehesabu.

Hii barua sitazunguka. Ah, nitazunguka kidogo, mimi ndivyo nilivyo, lakini nitafika.

Mimi nilitoka nyumba ya Waturkana, baba yangu alikuwa anaomba Akuj asubuhi akiangalia mlima, mama alibatizwa na mapadri sababu ya mahindi ya njaa. Nikiolewa na Warsame nilikuwa sijui neno moja. Alinifunza jikoni. Kuchinja kuku, Bismillah. Kumaliza kula, alhamdulillah. Kikombe ikianguka, astaghfirullah, na kweli kikombe ilikuwa kosa yake. Mtu akifa, inna lillahi. Nilishika moja moja kama mtu anaokota kuni, na nyingine nilishika upande mbaya, najua. Hakuna mtu aliniambia. Marhum alikuwa anasikia nikikosea anatabasamu tu. Na hiyo ndiyo nilimpa Idris. Bismillah yake ya kwanza ilitoka kwa hii mdomo ya mimi.

Sasa akanisahihisha mbele ya wageni. Wewe ulicheka, wallahi niliona, na nimekusamehe zamani, ulicheka vizuri, umefunika mdomo. Yeye ndiye sikumsamehe.

Alikuja. Ilikuwa Jumatano. Saa kumi, adhana imeisha. Nilikuwa ndani nachambua maharagwe. Nikasikia Assalaam alaykum. Nikaacha mkono ndani ya maharagwe. Niliona miguu yake chini ya geti, amesimama kando vile nilimfunza, hachungulii. Akatoa ya pili. Jibu ilikuwa hapa kwa ulimi Kaltuma. Katika maneno yote ya Kiarabu hiyo ndiyo moja najua bila makosa, hata Sheikh wako hawezi kunisahihisha. Nikasema ndani ya roho yangu, wacha leo nimsahihishe mimi. Wacha ajue kunyamaziwa.

Akatoa ya tatu. Akangoja. Nikahesabu punje kumi za maharagwe.

Mtoto mwingine angepiga geti, angesema mama najua uko ndani, moshi inatoka. Mtoto mwingine angeruka ukuta. Huyu nilimfunza mwenyewe, ukitoa tatu na usijibiwe unarudi, usinung'unike, mwenye nyumba ako na haki ya kunyamaza. Nikamwona ameweka mfuko chini kando ya geti. Miguu ikageuka. Nikasema kesho atarudi, kesho nitamjibu na nimpikie.

Kesho yake upepo ilitoka upande ya ziwa.

Tende nilikula. Nilikula zote siku moja, na mbegu nimezika.

Ndiyo sababu niliposikia ile sauti mwezi ya kumi na mbili nilifurahi. Nitakuambia ukweli, sikufikiri ako hai. Keziah acha kulia, andika. Sikufikiri ako hai hata siku moja. Nilikuandikia hivyo sababu wewe ukikaa eda, basi imeisha, na mimi bado niko na jibu yake mdomoni. Anatoa mbili. Nilikuwa nasema, mradi ya tatu haijatoka hajageuka kwenda. Nimemweka hapo getini wiki nane. Na wewe nimekuweka huko bila jina, si mke si mjane. Nimefanya hiyo na nilijua nafanya.

Kufungua naogopa. Kujibu hapa pia naogopa, sababu Keziah ameshampa mlango, na sijui nikimpa na salamu ataketi mpaka lini. Ule mchanga umesogea. Jana ulikuwa mlangoni, leo ni karibu na kitanda yangu. Una sura ya miguu miwili sasa.

Alhamisi tunaenda ziwani, mimi na Keziah. Nitamsalimu kwanza vile bibi yako alifanya, na nitamjibu zake zote tatu huko alipo, mbele ya maji. Uniombee dua. Kama ni makosa ya maneno, Mungu anajua Kiturkana.

Mama yako,
Saadia Akaale

*

Kakuma, Alhamisi 6 Februari 2025, baada ya alasiri

Hajja,

Hii nampa Cheruiyot kesho alfajiri. Barua yako nimeisoma. Sitasema mengi juu yake. Nimelia, nimeosha uso, nimekusamehe, na kama Idris ni yule ninayemjua alikusamehe kabla hajafika stendi.

Nikuambie lililotokea leo, mkono ukiwa bado unakumbuka.

Nilimaliza kuswali alasiri. Nilikuwa bado kwenye mkeka nimeelekea ukutani. Mlango wangu ni mabati, ulikuwa umeegeshwa tu. Nje watoto walikuwa wanacheza mpira, halafu nikasikia hawachezi. Mtu akasema Assalaam alekum. Mara moja. Alivuta mwisho.

Ilikuwa ya tatu, Hajja. Zile mbili amezitoa kwako siku zote, hii alikuja nayo kwangu.

Nilitaka kuruka. Miezi saba nimetaka kuruka. Nikakumbuka maneno yako juu ya Keziah, kwamba alimpa mlango bila amani. Nikakaa pale pale kwenye mkeka, sikugeuka, nikajibu kwa sauti: wa alekum salaam wa rahmatullahi wa barakatuh. Niliitoa yote, polepole, kila herufi mahali pake.

Akangoja. Chini ya mlango paliingia unyevu kama ulimi mdogo, ukasimama. Alikuwa anangoja lile neno la pili, tafaddal, ingia, pita ndani. Kila siku nilimwambia tafaddal akirudi, hata akitoka chooni, tulikuwa tunacheka. Lilikuwa hapa mdomoni.

Sikulitoa. Nimempa mume wangu amani, na mlango sikumpa.

Baada ya muda watoto wakaanza tena mpira. Nikafungua. Hapakuwa na mtu na mchanga ulikuwa unakauka nikiutazama.

Sheikh atamswalia kesho Ijumaa, nimeshamwambia aje. Lakini hii eda yangu naihesabu kuanzia leo alasiri.

Kaltuma

*

Lodwar, Jumatatu 10 Februari 2025

Kaltuma binti yangu,

Assalaam alaykum. Tumerudi. Miguu imevimba lakini alhamdulillah, na safari hii nasema kweli.

Ejore alitupokea Kalokol, akatupeleka mpaka mahali mashua ilikuwa. Mtu wa heshima, Mkristo, alivua kofia kama anaingia kanisa. Maji hapo ni ya kijani, inanuka samaki na magadi. Wavuvi walikuwa wanatoa nyavu, mmoja akaniuliza, "Ata, mama mzee, unanunua ama unaangalia?" Nikamwambia nimekuja kumwona mtu. Akaangalia ziwa, akaangalia mimi, akarudi kwa nyavu.

Adhana huko haifiki. Keziah aliangalia saa, akasema mama, ni kumi.

Nikavua viatu nikaingia mpaka hapa kwa magoti. Nikamsalimu mimi kwanza. Halafu nikamjibu. Nikasema wa alaykum salaam, hii ni ile ya kwanza, nilikuwa nachambua maharagwe. Wa alaykum salaam, hii ni ya pili, niliona miguu yako. Wa alaykum salaam, hii ni ya tatu, na ulifanya vizuri kurudi, ni vile nilikufunza. Sauti yangu ilikuwa kubwa, mimi najua kusema. Kiturkana pia nilisema, hiyo ni ya mimi na yeye.

Nikangoja. Kaltuma, kuna kitu ilisikiliza. Wale wavuvi waliacha nyavu. Ndege wale wengi wa pinki, wote waligeuza kichwa upande moja. Maji ikaacha kunigonga magoti, ikasimama kama maji ya beseni. Sikujibiwa. Nilingoja mpaka Keziah akaniita mara mbili, ndipo nikageuka nikaondoka bila kuangalia nyuma, mtu hajajibiwa haangalii nyuma. Nikasema sasa imeisha, amenisikia.

Jana Cheruiyot akaleta barua yako. Keziah alisoma mpaka mahali umeandika Alhamisi, baada ya alasiri, akashusha karatasi. Nikamwambia soma tena. Alhamisi. Saa kumi.

Saa ile mimi niko ndani ya maji namjibu, yeye alikuwa amesimama kwako Kakuma.

Sijui nilikuwa naongea na nani huko. Keziah anasema Mungu hufikisha ujumbe mahali popote, na yeye duka yake iko karibu na posta, labda anajua. Mimi nafikiria yale maji vile yalisimama. Kitu ilichukua zile salamu tatu zangu, ilizichukua zote, na haikuwa Idris. Hapa nyumbani mchanga umekauka, nimelala mahali hapo nikapapasa na mkono, ni vumbi. Saa kumi getini juzi ilikuwa kimya, jana kimya, leo tumengoja na Keziah na kalamu imeinuliwa juu, kimya. Kwa hivyo ameenda, na jibu alienda nayo ni yako. Moja. Ilikuwa kamili, umesema kila herufi mahali pake, hata mimi singeweza hivyo. Nashukuru ilikuwa ya mtu anajua.

Mimi ya kwangu itangoja. Nitampa mwenyewe siku nikifika, na huko nitakuwa mimi ndio nimesimama nje ya geti.

Wewe kaa eda yako. Usipake hina, usitoke bila sababu, usijiulize tena wewe ni nani. Ikiisha uje, nyama ya ile Idd hatukumaliza, tutachinja nyingine. Mtu akikuambia huko Allah amrehemu, itikia ameen. Mimi nimeitikia leo asubuhi, Abei ndiye alisema, nikashika ukuta nikaitikia.

Keziah anauliza amalize vipi. Nimemwambia aandike jina yake vile inaandikwa sasa. Ameandika: Marhum Idris Lokol Warsame. Nimemwambia anionyeshe na kidole inaanza wapi inaisha wapi. Sijui kusoma, Kaltuma, lakini nimeiangalia, na imekuwa ndefu.

Mama yako,
Saadia Akaale